Gari la Mwakani

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa viti vya magari, na mtaa mzima unamwita Mwakani. Jina hilo nilimpa mimi, na silijutii. Ukimuuliza atanunua gari lini, anaweka mkasi chini, anatazama bati la juu, na sauti yake inalainika: "Mwakani, shemeji. Subiri uone kinachokuja."

Tunashona kwenye karakana moja, yeye cherehani ya mlangoni, mimi ya ndani, katikati yetu marobota ya ngozi bandia na vumbi la sponji linaloingia mpaka kwenye chai. Viti vikishang'olewa, gari linabaki uchi, na sakafu haina siri. Utakuta magari ya kampuni mbili tofauti, sura mbalimbali, bei mbalimbali, wenye nayo wanadharauliana barabarani, kumbe huko chini chasisi ni moja, mashimo ya boliti yanalingana, na kiti cha hili kinakaa kwenye lile bila ugomvi. Shemeji huyaita ndugu wa baba mmoja. Akishaugundua undugu wa namna hiyo, siku nzima hafai kwa kazi. Anaota.

Aliota hasa gari moja dogo ambalo lilikuwa halijatoka. Kwenye simu yake alikuwa na video zake likijaribiwa, mwili wote umefunikwa michoro myeusi na myeupe ili watu wasilijue umbo. Madalali wa magari walisema litakuja na injini ya lita moja, silinda tatu, yenye turbo. Wengine wakasema hapana, litatumia petroli na betri kwa pamoja. Shemeji aliwasikiliza wote huku akitabasamu kama mtu anayesimuliwa habari za mchumba wake. Kwake yeye jambo kubwa lilikuwa sakafu. Alishikilia kwamba litajengwa juu ya chasisi ya gari fulani lenye paa refu, ambalo viti vyake tulikuwa tunavishona mara kwa mara. Na kama chasisi ni ile, basi na kiti ni kile: kimeinuka, mlango mpana, mtu anakaa bila kujikunja.

Kujikunja ndiko dada asikokuweza. Aliwahi kuanguka bafuni, nyonga ikaharibika, na tangu siku hiyo ngazi za basi zikawa mlima. Binti yao alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza huko mbali alikoolewa, na dada hakuwa amemwona mjukuu ila kwenye simu. Alichotaka ni kumpakata, basi. Gari lilikuwa la safari hiyo. Pesa ilikuwapo, kilichokuwa hakifiki ni mwakani.

Nisimwonee shemeji, jioni zao zilikuwa tamu. Dada akiwa ameegemea mto, yeye anamkanda mguu na kumwelezea gari polepole, kama anayemtembeza kwenye nyumba mpya.

"Na mlango wake?" dada anauliza.

"Unafunguka mpaka mwisho, mama watoto. Unaingia kama unayekaa kitandani."

"Halina kelele?"

"Silinda tatu ina mtetemo wake kidogo, lakini nasikia wameifunga juu ya raba mpya. Utasinzia."

Na kweli dada alisinzia, na gari lisilokuwapo likaendelea kwenda, taratibu, katikati ya mashamba mabichi, kioo kimeshushwa kidogo upepo uingie. Hata mimi niliyekuja kuazima chumvi nilijikuta nimekaa kimya, nimo kiti cha nyuma. Nilirudi kwangu bila chumvi.

Mwisho akapitiliza. Alinunua kitambaa cha rangi ya maziwa, akachukua vipimo kwenye gari la mteja, lile la paa refu, akashona kava za viti vya gari ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulishika kitasa.

"Shemeji," nikamwambia, "unamshonea sare ya shule mtoto ambaye wazazi wake bado hawajajuana."

Akacheka, akaendelea kukanyaga cherehani.

Gari likatoka. Tulilitazama sote watatu kwenye simu, vichwa vimegusana. Lilikuwa zuri, tusidanganyane. Lakini lilikuwa chini, paa limebanwa, na chasisi yake ilikuwa mpya kabisa, haina undugu na yeyote. Shemeji aliirudisha simu mfukoni. Kisha nikaona macho yameanza kuelea tena.

"Lakini nasikia mwakani watatoa lililoinuliwa. Injini hiyohiyo, ila..."

"Baba watoto," dada akamkata, bila hasira, "nyonga yangu ni ya mwaka huu."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyatunza muda mrefu kwa ajili ya siku kama hiyo. Niliyameza. Shemeji alikuwa amenywea, nikamhurumia.

Wiki hiyohiyo alileta lile la paa refu, lililokwishatumika, rangi imepauka kwenye boneti. Dada aliingia mwenyewe, akavuta miguu mmoja baada ya mwingine, akafunga mlango. Tukaenda. Mashamba yalikuwapo, upepo ulikuwapo, na dada alisinzia kama alivyoahidiwa. Injini iliguna kwenye miinuko, na shemeji hakuitolea kasoro hata moja.

Tulipofika, binti alitoka mbio kutupokea. Nikatafuta kichanga mikononi mwake, sikukiona. Nyuma yake alisimama mtoto amevaa viatu, ameshika gauni la mama yake. Dada akanyoosha mikono.

"Nenda kwa bibi," binti akamwambia.

Mtoto alimkagua dada kuanzia juu mpaka chini. "Bibi anakaa kwenye simu," akasema, akajificha.

Tulicheka sote, dada zaidi yetu, huku anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Shemeji peke yake hakucheka. Alikuwa bado ndani, ameshika usukani wa gari lililokwishazimwa. Nilimfuata nikamgongea kioo ashuke.

"Gari hili lilikuwa linauzwa kabla mtoto hajazaliwa, shemeji," akaniambia.

Nilimfungulia mlango.