Sahani Mbele ya Televisheni

Juzi mvua ilipopiga Ikolo, kijijini kwetu kando ya ziwa, king'amuzi cha dada yangu kilikata picha ghafla. Nikamkumbuka Mzee Salum mwenye duka, na televisheni yake ya chogo, ile nene yenye kisogo kirefu, antena juu ya mwanzi, duka likinuka mafuta ya taa na dagaa. Alasiri moja nikiwa mtoto, katikati ya mpira, kioo kilijaa chenga, vidoti vyeupe vikirukaruka na kuchachatika. Nilidhani ni wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi, tunaowanasa na kuwala. Kwa ule mlio, nikaamini wanakaangwa, nikakimbilia sahani na kuikinga mbele ya kioo.

"Hao hawaliwi, mwanangu," Mzee Salum alicheka. "Nenda nje ukazungushe mwanzi."

Nikazungusha mpaka waliokuwa ndani wakapiga kelele, "Hapo hapo!"

Picha ya sasa ni safi zaidi, sibishi. Lakini ile ya zamani ilizidiwa polepole, ikatupa nafasi ya kuiokoa. Juzi hakuna aliyeinuka kwenda nje.