Sweta Lililofuliwa Mno

Saa tisa na nusu alasiri, na Mama Povu ameshatazama geti mara saba. Mikono imo kwenye karai, macho hayamo. Anasugua kola ya shati la mtu mpaka mwenyewe angelionea huruma.

"Alisema saa tisa," anasema. "Amekwenda kujisomea kwa mwenzake. Kujisomea, haya."

Anayesubiriwa ni binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na sita.

Mama Povu ni dobi wa kuzungukia nyumba za watu, kazi ya miaka kumi na minne. Nyumba kumi na moja kwa wiki, nguo arobaini kwa siku. Pato likishakutana na kodi na ada ya shule, hubaki la chumvi na kiberiti.

Kanuni yake ni moja: nguo haionji maji kabla mfuko haujapinduliwa. Humo amekuta meno ya bandia, barua za mapenzi za mume wa mtu na, mara sita, mbegu za bangi au msokoto uliosahauliwa katika suruali za watoto.

"Pua yangu haikusoma," anasema, "lakini haijafeli mtihani."

Kila mara aliwaambia wazazi kwa upole. Wawili walishukuru, mmoja alimsihi asimwambie mumewe, watatu wakamfukuza kazi. Mama mmoja wa nyumba ya ghorofa alimwambia, "Umeitwa kufua, hukuitwa kupekua."

Mama Povu alirudi kwa majirani akiwasema wazazi wa siku hizi, na kujitolea mfano. Binti yake anajifulia tangu ana miaka tisa, kwa sababu mama akirudi jioni vidole havitaki kuona karai. Tena mtoto amekuwa msafi ajabu: sweta la shule analifua mara tatu kwa wiki. Majirani wakamwambia ana bahati.

Kinyozi hajinyoi. Siku sabuni ilipoisha kabla ya wiki kwisha, ndipo dobi alipoamka ndani ya mama. Sweta zito namna ile yeye mwenyewe hulifua mara moja kwa wiki, na hapo ananung'unika. Alilitoa kambani, akalinusa. Lilinukia maua. Chini ya maua, kwenye mkono wa kulia, palikuwa na tundu dogo la cheche na ile harufu ambayo habari zake alizipeleka nyumba sita.

Cha kwanza kutafuta kilikuwa mwiko, na hilo anakiri bila haya. Aliupata, akaingia nao chumbani.

Binti hakukana. Alieleza kuwa walianza kuvuta watatu, nyuma ya ukuta wa shule, baada ya masomo. Kwamba nyumba yao saa zile ni kimya mno, na kwamba mama akirudi huuliza kama maji yamejaa, basi. Kisha akasema neno ambalo mama bado analitafuna:

"Unajua kilichomo mfukoni mwa kila mtoto mtaani. Mimi umeniuliza lini?"

Mwiko ukarudi jikoni.

Ni wiki tano sasa. Mama Povu ameacha nyumba nne, pato limepungua theluthi nzima. Nguo nyingine huletewa uani kwake, ili mtoto akitoka shule amkute. Marafiki anawajua kwa majina, na mama zao kwa sura. Anauliza habari za siku, halafu ananyamaza asikilize. Hapo, anasema, ndipo penye kazi.

Saa kumi. Jirani anachungulia juu ya ukuta na kumshauri amfuate mtoto, tena na fimbo.

"Nikimfuata leo, kesho nimfuate wapi? Au nimfunge kamba kama mbuzi, shoga yangu?"

Lakini miguu haimsikilizi. Anainuka, anakaa, anainuka tena, anaokota shuka kubwa ambalo halikamuliki na mtu mmoja.

Saa kumi na robo geti linalia. Binti anaingia, anaweka mkoba chini, anashika ncha ya pili ya shuka bila kuambiwa. Wanakamua, huyu huku, yule kule. Mama hanusi, ingawa pua inamcheza.

"Mmesoma?"

"Kidogo." Shuka linajisokota. "Walikuwa nayo."

"Na wewe?"

Maji yanachuruzika chini. "Nimevuta mara moja. Nikawaachia, nikaja zangu."

Mama Povu anakamua mpaka shuka halina tone. Halafu anamwambia chakula kiko kwenye sufuria, akale kwanza, watazungumza ameshiba.

Msichana akishaingia ndani, mama anakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Mwezi uliopita ningegundua," anasema kwa sauti ya chini. "Leo nimeambiwa."

Shuleni kuna mwalimu wa ushauri ambaye amemwita Mama Povu mara mbili. Hakwenda; dobi aliyewasema wazazi wa mtaa mzima angeanzia wapi?

"Kesho sifui," anasema, akijifuta mikono kwenye kanga. "Tutakwenda kwa huyo mwalimu watatu: mimi, mwanangu na aibu yangu. Aibu ikichoka, itatuacha njiani."