"Ndiyo Baba" Iliyonifungia Leseni

Nakumbuka siku moja nilipiga goti mbele ya hakimu, na watu wote mahakamani wakaangua kicheko. Usicheke na wewe, mwanangu, ngoja kwanza. Nilikuwa binti mbichi, dereva wa lori la pamba kutoka vijiji vya Meatu hadi Maswa, na hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeshika usukani wa lori katika njia ile. Wanaume walinipigia honi kwa kunishangaa. Nami niliwajibu kwa honi ndefu kuliko zao, maana ujana una kiburi chake.

Kesi ilihusu dume la ng'ombe. Jioni moja natoka kupakia pamba Lingeka, nikakuta kundi linavuka barabara. Nikasimama kabisa, nikazima injini, nikaacha taa zinawaka ili mchungaji aone njia. Dume moja jeusi likazitazama zile taa, likainamisha kichwa, likaja mbio na kuzipiga pembe. Taa zikapasuka, pembe ikakatika. Askari wa barabarani alipofika, alikuta lori limebonyea mbele na ng'ombe anavuja damu. Ungekuwa wewe ungeandika nini? Akaandika kwamba nimemgonga.

Sasa turudi kwenye goti langu. Kwetu Usukumani, binti akisemeshwa na mkubwa hupiga goti, na mkubwa anapoongea huitikia "ndiyo baba" kila anapovuta pumzi, ili ajue anasikilizwa. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza mpaka ikazidi. Hakimu, mtu mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, aliniambia niinuke, akanisomea shtaka.

"Uliendesha lori kwa uzembe."

"Ndiyo baba."

"Ukamgonga ng'ombe."

"Ndiyo baba."

Nilikuwa nasubiri amalize ndipo nami nieleze yangu. Alipomaliza, alikuwa ameshaandika kwamba nimekiri. Nikafungiwa leseni mwaka mzima, na msimu wa pamba ndio kwanza unafunguliwa! Nililia, mwanangu. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyompenda mchumba wangu wa wakati ule, naye alilijua hilo. Nikiikosa mwaka mzima, lori lingepata dereva mwingine na mimi ningerudi jembeni.

Tajiri wangu, mwenye lori, akaninong'oneza: "Endesha njia za vijijini tu. Huko askari hawafiki." Nami nilikuwa nimeshakubali. Nikapita Bariadi kumsalimia shangazi Kulwa, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye miguu mibovu na mdomo mzima. Nilipomsimulia ile "ndiyo baba" alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Nilipofika kwenye habari ya njia za vijijini, kicheko kikakatika.

"Ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, "ukiligusa lori lile bila leseni, hapo utakuwa na kosa la kweli, na mimi sitakuja kukutetea. Halafu nani kakwambia adabu ni kuitikia uongo? Magoti yako yapige, mdomo wako usimamishe."

"Lakini hakimu ni mkubwa, shangazi."

"Na juu yake yuko mkubwa mwingine. Nenda kaseme kwa huyo. Rufaa ni njia iliyowekwa, kuipita si kumtukana mtu."

Kesho yake nikarudi mahakamani kuulizia rufaa inakatwaje. Kuuliza si ujinga. Karani akanieleza vizuri kwamba rufaa ina siku zake, na zikipita umeachwa. Nikaomba nakala ya mwenendo wa kesi, nikakata rufaa mapema. Tajiri, baada ya mimi kumkatalia, aliamua kuliendesha lori mwenyewe akiningoja. Alivyokuwa akikata kona, nilimwombea kila siku.

Katika mahakama ya juu nilimkuta jaji mwanamama, akanitazama juu ya miwani.

"Ulipojibu 'ndiyo baba', ulikuwa unakubali kosa?"

"Ndiyo ma..." Nikajiuma ulimi. "Hapana, mheshimiwa. Nilikuwa naitikia."

Jaji alijifunika mdomo asicheke. Wakili wa serikali naye akasimama, akasema haki: jibu la namna ile halitoshi kusema mtu amekiri. Hukumu ikafutwa, leseni nikarudishiwa, kesi ikaamriwa isikilizwe upya.

Usidhani nilipumua. Leseni ilikuwa mfukoni, lakini ingeweza kutoka tena. Siku ya kesi, mbele ya hakimu mwingine mwenye mvi, shtaka likasomwa. Goti likataka kukunjika, nikalinyoosha.

"Si kweli, baba," nikasema. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka yote.

Akaitwa mwenye ng'ombe, ambaye ndiye aliyekuwa akichunga jioni ile, atoe ushahidi. Akaulizwa kama lori ndilo lililomfuata mnyama wake. Mzee wa watu akakuna kichwa.

"Mheshimiwa, dume lile halina adabu. Hata baiskeli yangu lilishaivunja. Lori lilikuwa limesimama."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Nani aliniuliza? Binti mwenyewe alishasema ndiyo."

Nikaachiwa huru siku hiyohiyo, na mwenye ng'ombe akanipa mkono. Lakini maneno yake yalinichoma kuliko kufungiwa leseni.

Basi mwanangu, wewe unayekwenda kushika usukani, sikia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ukisomewa jambo, sikiliza hadi mwisho, na usipolielewa omba lirudiwe. Ukionewa, usijifiche vichochoroni kama mwenye hatia. Pita njia ya wazi, tena uipite mapema. Heshimu wakubwa, nami nikiwemo, ila jambo usilolifanya usiliitikie hata kidogo, kwa sababu wanaoujua ukweli hunyamaza wewe mwenyewe ukishakubali.

Nenda salama. Mungu akupe barabara kavu wakati wa masika, breki zinazoshika, na siku utakapoulizwa, akupe sauti.