Mlango Ambao Baba Haingii

Nyumba yangu iko chini kidogo ya nyumba ya baba, katika shamba letu la chai upande wa Nyamira, na baba hajawahi kuingia ndani yake. Hajui rangi ya viti vyangu. Siyo kwamba tumekosana. Kwetu Wagusii, mwana akishaoa, baba yake havuki tena kizingiti cha nyumba yake. Hiyo ndiyo ensoni, haya na heshima iliyo kati ya mzazi na mtoto, na baba yangu anaishika kuliko wazee wengi wa rika lake. Akija hukaa verandani kwenye benchi, na mke wangu humletea kikombe cha soya, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa la Sabato na hanywi chai. Tangu nizaliwe tumekula, tumevaa na tumesoma kwa majani ya chai, lakini yeye hayanywi. Nikimtania, hunijibu kwamba hata fundi wa majeneza halali ndani yake.

Mimi ni kitinda mimba. Kaka zangu wako mbali na wananishauri kwa simu. Mama alipofariki, ukoo mzima ulinitazama mimi, nami wakati huo nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha kemia Mombasa. Hakuna aliyenikataza kwenda. Waliniuliza tu, kwa upole wa kutisha, nani atamwangalia mzee. Basi nikajenga pale pale nilipoonyeshwa, nyumba ikiielekea nyumba ya baba, na tangu hapo siwezi hata kununua godoro bila kuulizwa la zamani lilikuwa na shida gani.

Baba alikuwa mlevi. Nasema bila kupamba kwa sababu yeye mwenyewe husema hivyo mbele ya kanisa. Alikunywa chang'aa mpaka mama akawa anatulaza katikati ya mistari ya chai ili asituone akirudi. Kisha mwaka niliotahiriwa, nilipokuwa bado nimefungiwa nyumbani na wenzangu nikiuguza kidonda, yeye akaenda mtoni akabatizwa. Nilipotoka nilikuta nina baba mwingine. Tangu siku hiyo hajagusa tone. Hata dawa ya kikohozi huuliza kwanza ndani mna nini. Kama kuna kitu nimewahi kukiogopa maishani, ni kuwa mtu atakayemrudisha kule.

Sasa utaniuliza, kwa nini nilileta divai katika boma hilo. Jibu ni kwamba nilihitaji chumba kimoja duniani ambacho si cha baba.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni mwenzangu shuleni, mwalimu wa jiografia, Mkatoliki mwenye sauti kubwa ambaye alijifunza utamu wa divai akiwa mtumishi wa altare, na hasimulii alijifunzaje. Wa pili ni mwanamke mwenye duka la dawa kule Mosocho, ambaye kila mtu humwita daktari. Dada yake anafanya kazi hotelini huko Ureno, na kila akija likizo humletea chupa za poti. Poti ni divai nzito na tamu. Kabla haijamaliza kuchachuka huitia pombe kali, chachu inakufa, na sukari inabaki humo. Mwalimu wa kemia hawezi kukataa kitu kama hicho. Nilianza kwa ajili ya sayansi. Msicheke.

Kwa daktari hatukuweza kukutana. Amepanga mjini Kisii kwa familia ya Waislamu, watu wema wanaomletea pilau kila Idi, na sharti lao ni moja tu: kilevi kisipande ngazi zao. Mwalimu wa jiografia anaishi ndani ya ua wa shule. Ikabaki kwangu. Na kwangu, niliwaambia kwa majivuno, pana ulinzi kuliko benki: mtu pekee ambaye angeweza kutufumania haruhusiwi kuvuka mlango.

Tulikutana Jumapili moja moja, alasiri, baba akiwa ametulia kwake. Chupa tulizivika soksi za shule za mwanangu ili isijulikane ipi ni ipi, tukamimina katika vibilauri vidogo, tukaonja, tukabishana. Ile changa, nyekundu, tulikubaliana kwamba inafanana na matunda damu yaliyoiva mpaka yanapasuka. Ile iliyokaa miaka katika pipa hadi ikawa ya kahawia, mimi nilisema ni sukari nguru, daktari akasema ni njugu za kukaanga, mwalimu wa jiografia akasema ni sakristia. Katikati ya meza tuliweka bakuli lililochongwa kwa jiwe laini la Tabaka, kwa kuwa wataalamu husema mwonjaji huonja na kutema. Bakuli hilo limebaki kavu hadi leo.

Kisha ikaja chupa ya mavuno ya mwaka mmoja, ya aina ile inayozeekea ndani ya chupa na kujiwekea machicha chini. Daktari aliipokea kama mtoto mchanga. Kabla ya kuifungua huisimamisha wima ili machicha yatulie, na ukishaifungua haingoji, baada ya siku moja au mbili inakufa. Shule zilikuwa zinafunga kwa mapumziko mafupi Ijumaa hiyo, na mke wangu alikuwa amewapeleka watoto kwa mama yake huko Kiogoro. Tukasema Ijumaa alasiri basi, tumalize mapema, kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Nikaiona ni mipango ya watu wenye akili.

Wageni wangu walifika, wakavua viatu verandani kwa ajili ya tope, wakaingia. Mwalimu wa jiografia alichuja ile divai kwa chujio la chai, polepole, akiinamia jagi, na ulimi umemtoka kidogo. Harufu ikapanda. Sijui niielezeje. Ilikuwa ni zambarau, na ngozi ya kiti cha zamani, na kitu cha kanisani. Tulipiga funda la kwanza, daktari akafumba macho, na wakati huo huo mvua ikashuka.

Mvua ya kwetu haibishi hodi. Ilikuja na mawe yake, ikapiga mabati mpaka tukawa tunaonana midomo ikitembea bila sauti. Tulifunga madirisha yote. Mwalimu wa jiografia alicheka, akaongeza. Mawe yalipopungua, nikasikia kitu verandani kikitua sakafuni, kikapu kikubwa cha majani mabichi. Halafu benchi ikalia.

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Alikuwa baba, ametoka kituo cha kupimia chai, majani mengine yamekataliwa, koti limelowa, amekaa hatua moja kutoka kwenye mlango wangu.

"Ni nani?" daktari aliuliza kwa midomo tu.

"Mzee."

"Mzee gani?"

"Wangu."

Akaweka bilauri chini kana kwamba ina moto. Baba hununua dawa zake kwake. Humwambia kila mara kwamba angepata binti kama yeye angemshukuru Mungu.

"Tupitie nyuma," akasema.

"Nyuma inazunguka inatokea hapo hapo mbele yake. Kuna ua wa miti."

"Aki mwalimu, wewe ulijenga nyumba ama ulijenga mtego?"

Mwalimu wa jiografia, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, alijaribu. "Tunyamaze tu. Atadhani hakuna mtu. Mvua ikiisha ataenda."

Hapo ndipo nikakumbuka viatu. Jozi tatu, pamoja na yangu, zilikuwa zimepangwa verandani kwa adabu, vidole vikielekea ukutani, moja ikiwa ya kike.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Nilisimama katikati ya sebule yangu mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, ninayewapa wanafunzi adhabu kwa kujificha bwenini, nikapumua kwa pua ili nisitoe harufu. Nilikasirika. Nilimkasirikia baba kwa kuja, nikakasirikia mvua, nikakasirikia ensoni yenyewe, kwa sababu ni upanga wenye makali pande mbili: yeye haruhusiwi kuingia, lakini mimi sina ruhusa ya kumwacha nje. Mwana anatakiwa atoke, amsalimie, amletee kitu cha moto. Nikitoka, ananinusa. Nisipotoka, nimemtukana. Na harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima, inatafuta nyufa.

Kitasa cha mlango kikashuka kidogo.

Tulikiona wote watatu. Kilishuka, kikakaa hapo, kikarudi juu taratibu. Nilijiambia ni upepo. Upepo haujawahi kushusha kitasa tangu Mungu auumbe, lakini nilijiambia hivyo, kwa sababu lile jingine, kwamba baba yangu ameshika mlango wa nyumba ya mwanawe, halikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwangu.

Nilikimbilia jikoni, nikauma kitunguu kibichi nusu nzima. Daktari akanisukumia vidonge vya koo. Nilitafuna vyote pamoja, machozi yakinitoka, nikaenda mlangoni.

"Mwalimu." Ndivyo baba anavyoniita. Alisema kwa Kigusii, sauti ya chini, karibu sana na mbao.

"Tata, bwairire," nikamwamkia. "Mvua imekupiga. Ngoja nitoke."

"Usitoke."

Nikasimama.

"Usifungue. Nataka tuongee hivi hivi, mlango ukiwa umefungwa. Msalimie daktari. Viatu vyake naviona."

Daktari alijifunika uso kwa mikono.

"Ile ya mara iliyopita," baba akasema, "ilikuwa na harufu ya sukari nguru. Hii ya leo ni kali zaidi."

Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Mdomo wangu ulikuwa umejaa kitunguu.

"Tata, umejua tangu lini?"

"Tangu mlipoanza. Mtu aliyeishi na kitu hicho, unadhani atakisahau? Nilikukasirikia sana. Nilitaka kuja nikuite nje mbele ya wageni wako nikuulize kama umesahau pale mama yako alipokuwa anawalaza." Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye paa. "Nikawa napita hapa chini Jumapili, kwenye mistari, upande ule upepo unakoelekea. Nilijiambia naangalia chai. Halafu siku moja, ilikuwa Jumatano tu, nikajikuta naisubiri Jumapili."

Nilitaka kuomba msamaha, na nilitaka pia kupiga kelele kwamba hii ni nyumba yangu, na vyote viwili vilinikwama hapo hapo kwenye kitunguu.

"Leo sikuwa na shida ya mvua," akasema. "Kwangu palikuwa karibu. Nilikuja hapa."

"Tata."

"Nyinyi vijana mnaicheka hii haya yetu. Mnasema ni mambo ya kale, mzee kukaa nje kama mgeni. Mimi leo nimeishukuru. Mkono ulishafika kwenye kitasa, mwalimu. Hakuna mke wa kunishika, hakuna mchungaji. Kilichonishika mguu ni hicho kizingiti tu. Nilijiambia, huwezi kuingia nyumba ya mwanao. Sikujiambia huwezi kunywa. Hilo sikuweza kulisema."

Miaka yote hiyo nilidhani mlango ule unanilinda mimi dhidi yake.

"Nitaitoa, Tata. Yote. Leo hii."

"Utafanya unavyoona. Ni kwako." Benchi ikalia tena, alikuwa amesimama, lakini nyayo hazikuondoka. "Umefunga kwa komeo?"

"Hapana."

"Funga."

"Tata, siwezi kukufungia mlango kwa komeo ukiwa hapo."

"Mwanangu," akasema, na neno hilo huwa halitumii, "nakuomba. Funga."

Komeo letu ni la chuma, fundi aliliweka bila kupima vizuri, na ukilisukuma linakwaruza mpaka boma zima linasikia. Nililisukuma. Baba alisubiri mpaka lilipogonga mwisho, akajaribu kitasa mara moja, kwa nguvu, ili ahakikishe. Kisha akabeba kikapu chake na nikasikia viatu vyake vya mpira vikipanda kwenye tope kuelekea kwake. Baada ya muda nilimsikia akiimba wimbo wa kufungua Sabato, peke yake. Kwa kawaida mimi ndiye humshikia sauti ya pili.

Ndani, mwalimu wa jiografia alikuwa amekaa na soksi ya mwanangu mikononi, analia bila kujificha, kama walivyo watu wenye sauti kubwa. Daktari alikuwa ameshachukua jagi. Aliniuliza aimwage wapi.

Niliangalia dirishani. Maji ya sinki letu hutokea kwenye migomba, na katikati ya migomba ndimo njia apitayo baba kila Jumamosi asubuhi akienda kanisani. Choo kiko upande wa kwake. Mbele ni veranda, mahali alipokuwa amekaa. Kila nilipoelekeza macho palikuwa ni kwa baba, na popote ambapo tungeimwaga, asubuhi angeikuta inamsubiri.

"Iweke chini kwanza," nikamwambia.

Akaiweka mezani. Tukakaa tukiitazama, na ilikuwa bado inanukia vizuri.