Kanisa Moja, Pazia Katikati

Krrr. Hadi leo nazisikia pete za pazia zikikwaruza waya katika chumba chetu cha mtaa wa Najma, mimi nikilivuta kwa furaha, nikidhani nimeokoa urafiki.

Mwenzangu wa chumba alikuwa Mkenya kama mimi, ila yeye mlokole na mimi Mkatoliki wa rozari. Ijumaa, siku ya kanisa kule Doha, Qatar, tulipanda teksi moja, tukaachana kwenye geti la kiwanja cha makanisa, kila mtu na ibada yake. Shida ilikuwa nyumbani. Alisema sanamu yangu ya Bikira Maria inamkodolea macho akibadilisha nguo, na kwamba akipata kitanda kwa wasichana wanaofanya kazi hotelini, mtaa wa Al Sadd, anahama. Na huyo ndiye aliyenipikia uji nilipougua, mgeni sijui mtu. Sikutaka aende.

Dawa niliipata mtaa wa Al Thumama, kwa mama Mjerumani niliyemfanyia usafi. Aliniambia mji wa kwao zamani ulijitawala. Juu yake alikuwapo kaisari tu, naye alikaa mbali. Dini iliamuliwa na baraza la mji. Miji mingine ikawa ya Kiprotestanti, mingine ikabaki ya Kikatoliki. Wa kwao ulishindwa kuchagua, wakagawana viti vya baraza na hata kanisa lenyewe: hawa saa zao, wale saa zao. Nilichanganyikiwa. Mungu anapigiwaje kura? Na wale wa saa ya pili, walimkuta bado yupo? Mama alicheka, akasema hata babu zake waligombania saa hizo miaka na miaka.

Hayo ya mwisho sikuyashika. Nilishika kugawana tu. Nikanunua pazia, nikalitundika katikati ya chumba.

Mwenzangu alirudi kutoka kazini, akalitazama. "Kwa hivyo umenifukuza, Papa wa Najma?"

"Nimekupa mji wako, dada. Ujitawale."

"Mji gani hauna AC?"

Kweli, AC ilikuwa upande wangu. Mwenzangu akatoa sanduku chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo, nami sikuelewa: wale Wajerumani walikaa vipi pamoja, sisi wawili tunashindwa?

Alipoingia kuoga, nikalifungua pazia lote mpaka ukutani, baridi imfikie. Kisha nikamgeuza Bikira Maria, atazame dirishani.