Manjano ya Mzee Kamugisha

Pelagia, muuguzi katika mji wa Irving, Texas, ana mdomo. Humhoji kila mgonjwa anaumwa wapi, hata yule anayejikausha. Mtu mmoja tu hakuwahi kumhoji, naye ni baba yake mzazi.

Mzee Kamugisha alikuwa mjukuu wa mkama, mfalme wa jadi wa kwao. Ukama wenyewe ulifutwa zamani, lakini adabu zake alizibeba mpaka Texas. Kwao mtu wa ukoo huo hasemi anaumwa, na wanawe hawamwulizi. Kazi yao ni kumtazama kwa makini. Alikuja kumtembelea bintiye na kisanduku cha rangi za maji, akawa anachora kila alichokiona: ndege zikishuka, maegesho ya magari, bwawa la kuogelea lisilo na mtu. Mbingu ya michoro ile ya kwanza ilikuwa ya bluu iliyokolea.

Kisha chakula kikamshinda. Pelagia, akiwa hoi kwa shifti, akamtania, "Taata, mjukuu wa mkama hali vya microwave?" Mzee akatabasamu tu.

Wakaenda Missouri City, kando ya Houston, kumwona Yasinta, binamu yake Pelagia. Huko mzee akapaka mbingu manjano, nyasi manjano, na kila taa ya barabarani akaizungushia duara.

"Uncle, hilo ndilo jua la Texas! You nailed it!" Yasinta akashangilia.

Pelagia naye akapiga makofi, akautuma mchoro kwenye kundi la WhatsApp, sifa zikamiminika. Alivimba kichwa, tusifichane.

Kumbe figo za mzee zilikuwa zimechoka, na kidonge cha moyo ambacho Pelagia alimpa kwa mkono wake kila asubuhi kilikuwa kinarundikana mwilini. Dawa ile ikizidi hukata hamu ya kula, na macho huona manjano, na duara kuzunguka taa. Pelagia alilijua hilo. Huwaonya watoto wa wagonjwa wake, tena kwa ukali.

Mzee alianguka bafuni, na moyo ukasimama kabla ya gari la wagonjwa kufika.

Msibani Yasinta aliushika ule mchoro. "Huu ndio tuweke kwenye T-shirt. Ndio mzuri kuliko yote."

"Weka mwingine."

"Kwa nini, dada? Everybody loved it."

Pelagia akautazama, machozi yakimtoka. "Alikuwa ananionyesha kwamba anaumwa," akasema. "Nami nikampigia makofi."