Madlan, Mkewe, na Tembo Waliotii Kupita Kiasi

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Ukungu umeukalia Mto Kinabatangan, na Madlan Injir anakomba maji ya mvua kutoka kwenye boti yake kwa kopo la rangi lililokatwa mdomo. Anakomba huku anahema kwa pua. Si kwamba kazi ni nzito. Ni kwamba mke wake, Jamnah, amekaa mbele kabisa ya boti, kwenye kiti cha mgeni, na sufuria ya wali wa manjano iko mapajani.

“Mama Suhaili, hicho kiti ni cha mgeni.”

“Na mimi leo ni mgeni. Miaka kumi na nne una boti, umenipandisha mara ngapi?”

“Kaa huku nyuma basi, karibu na injini.”

“Ninuke petroli mbele ya akina Bibi? Halafu wasipokuja utasema ni mimi.”

Madlan anaacha kukomba. Anaangalia juu, anaangalia maji, anaangalia sufuria. “Lakini si kweli ni wewe?” anasema.

Kwenye mto huu mtu hatamki neno tembo akiwa majini au msituni. Anasema Bibi, vilevile unavyomwita mama yake mama yako. Hata dume lenye pembe ni Bibi. Wana masikio makubwa, na watu wa mtoni wanaamini hayakuwekwa pale kwa ajili ya kupepea nzi tu. Ukikutana nao unasimama, unasalimia, unaomba njia. Ukiwa na shida nao unawaeleza kwa adabu, kama unavyomweleza mtu mzima wa ukoo wako. Wenyewe wanasikia.

Sasa shida yote ya Madlan asubuhi hii ni hapo hapo. Walisikia.

Madlan ana miaka hamsini na miwili. Ujanani alikata magogo, kampuni ikafunga. Akatega kamba wa mtoni, kamba wakapungua. Ndipo hii loji ya watalii ikajengwa ukingoni, wakatafuta mtu anayeujua mto, wakaambiwa yupo Madlan, anaujua mpaka usingizini. Analipwa ringgit elfu moja na mia saba kwa mwezi, na zawadi ya mgeni ikipatikana. Amemsomesha mwanawe Suhaili mpaka akawa fundi umeme mjini Sandakan. Hana ubaya na kazi yake. Anaowashangaa ni wageni.

“Wageni wote wanauliza, watatoka saa ngapi?” anasema. “Saa ngapi! Kama ni ndege ya Kota Kinabalu. Mmoja aliniuliza hawa kima wenye pua ndefu tunawafungia wapi usiku. Nikamwambia, Bwana, wao ndio wanatufungia sisi. Hakucheka.”

Na pale mapokezini kuna daftari la malalamiko. Msimu huu jina la Madlan limeandikwa humo mara mbili. La kwanza, mgeni alilalamika kwamba mvua ilinyesha. Huu ni msitu wa mvua, lakini akaandika, na akasema mwendesha boti hakuonyesha kusikitika. La pili, nyani aliiba biskuti za mama mmoja, na Madlan akacheka.

Meneja wa loji, Bi Verona, si mtu mbaya. Ametoka mjini na anafuata karatasi. Alimwita akamwambia, “Mzee Madlan, nakuheshimu, lakini likiingia la tatu, boti nampa mwingine. Wewe utakwenda kusimamia jenereta.”

Jenereta! Mtu anayesoma mto kwa kuangalia majani yanavyoelea, akakae kwenye kibanda cha bati na masikio yamezibwa pamba.

Basi wageni wa safari hii wakashuka ngazi za gati. Bwana Henning, mpima ardhi mstaafu kutoka Denmark, na dada yake, Bi Grete. Bwana Henning ana orodha ya wanyama, amepiga mstari kila alipomwona mmoja. Kima wa pua ndefu amemwona, hondohondo amemwona, mamba amemwona mara tatu. Kumebaki nafasi moja, juu kabisa ya karatasi. Wamekuja kwa ajili ya hiyo nafasi. Wamekaa siku tatu, wametoka mara sita, hawajaona hata kinyesi. Saa nne asubuhi hii gari linawachukua.

Jana jioni Bwana Henning alishatoa kalamu. Akamwambia Madlan, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomuumiza zaidi, “Nitasubiri mpaka asubuhi, halafu nitaandika nilichoona na nisichoona.”

Sasa anamwangalia Jamnah na sufuria yake. “Huyu mama ni nani?”

“Msaidizi,” anasema Madlan.

“Wa nini?”

“Wa hao unaowatafuta.”

Turudi nyuma kidogo. Jamnah ana bustani ya ndizi nyuma ya nyumba yao, mwendo wa nusu saa kwa boti kutoka loji, kuelekea chini ya mto. Migomba arobaini na mitatu, aliipanda mwenyewe, mmoja mmoja. Anakaanga ndizi na kuwauzia watoto wa shule na madereva wa malori ya mawese. Hiyo pesa ni yake. Madlan haiulizi.

Siku tisa zilizopita akina Bibi walitoka kwenye michikichi, ambako siku hizi kuna waya wa umeme, wakapita bustanini, wakala migomba saba. Jamnah alikuwa peke yake. Akasimama kwenye ngazi ya nyumba, akavua kilemba chake akakikunja, kama alivyofundishwa na mama yake, akazungumza nao.

Jioni Madlan aliporudi alikuta mke ametulia. “Nimeongea nao,” akasema. “Wameondoka.”

“Vizuri. Umewaambiaje?”

“Nimewaambia, Bibi zangu, najua njaa haina adabu, lakini mimi pia nina njaa yangu. Naomba mwondoke hapa. Msiende hapo ng'ambo tu, hapana, nendeni mbali kabisa, mpaka kule kupita daraja la barabara kuu. Na msirudi haraka.”

Madlan akakaa chini. “Mpaka kupita daraja?”

“Si ulisema nizungumze kwa adabu?”

“Nilisema uwaombe wasile ndizi! Sikusema uwahamishe wilaya! Mama Suhaili, mimi nakula kwa hao!”

“Na ndizi zangu je?”

Tangu siku ile, siku tisa sasa, hakuna mwendesha boti aliyemwona Bibi hata mmoja. Kwenye kikundi chao cha simu wenzake wakawa wanaulizana kutwa. Wameenda wapi? Nani kawaudhi? Madlan anasoma, anaweka simu mfukoni, anakohoa. Utamwambiaje mwenzako kwamba mke wako kawafukuza wanyama wa watu wote?

Usiku wa jana walibishana mpaka chai ikapoa. Jamnah mwanzo alikataa kuwaita warudi. Mwisho akasema, “Neno lililosemwa na mtu linaondolewa na mtu huyohuyo. Na linaondolewa na chakula. Na si nyumbani, ni majini, kwa sababu wameondoka kwa maji.” Akaamka saa tisa kupika.

Kwa hiyo boti inaondoka na watu wanne. Kumpakia mke ni kinyume cha sheria za loji, na Madlan anajua.

Wanapanda juu kuelekea upande wa daraja. Kwenye kona ambapo mto unajikunja, Madlan anazima injini. Kimya. Jamnah anavua kilemba, anakikunja, anafungua sufuria. Wali, mayai ya kuchemsha, samaki wa chumvi. Anaumega wali na kuuweka majini kidogo kidogo.

“Bibi zangu,” anasema, “ni Jamnah. Nilisema mengi siku ile. Nilikuwa na hasira, mnajua mtu akiamka akaona migomba imelala. Mlinisikia vizuri, asanteni. Sasa naomba msinisikie sana. Rudini. Huyu mume wangu hana kazi nyingine.”

“Usimtaje mume,” Madlan ananong'ona.

“Nyamaza, nisije nikasahau nilipofika.”

Bi Grete anauliza kama hii ni sehemu ya ratiba. Bwana Henning anaangalia saa.

Wanakaa dakika ishirini. Anapita kenge mkubwa, anapita ndege mla samaki. Gogo linaelea, Bwana Henning anainua darubini kwa haraka, anaishusha polepole. Samaki wanaumaliza wali wote. Hatoki mtu.

Bwana Henning anavuta pumzi, anatoa kalamu, anaifunika tena. “Turudi,” anasema. “Bado hatujafunga mizigo.”

Madlan anasema baadaye kwamba hapo ndipo alipolisikia lile jenereta masikioni, kabisa, kama limewashwa. Anawasha injini, anageuza boti. Hamtazami mkewe. Mkewe naye hamtazami.

Simu inatetemeka mfukoni. Ni Dulman, jirani yake wa kulia. Hakuandika kwenye kikundi, amemwandikia yeye peke yake: Bibi wapo kwako. Kumi na moja. Wamevuka kabla ya alfajiri. Pole kwa ndizi.

Madlan anausoma ujumbe mara mbili. Kabla ya alfajiri! Yaani wakati mke wake yuko jikoni anapika wali wa kuwaita, wenyewe wako nyuma ya nyumba wanang'oa. Hapitii tena gati la loji. Anafungua injini mpaka mwisho.

“Baba Suhaili, umepita loji.”

“Najua.”

“Tunaenda wapi?”

“Nyumbani.”

Jamnah anamwangalia muda mrefu. Sasa ameelewa. “Wangapi?”

“Kumi na moja.”

Anazima injini kubwa mita mia mbili kabla, anawasha ile ndogo ya betri isiyo na kelele. Boti inateleza kwenye kona. Na wao hao. Mama mkubwa mwenye sikio lililochanika yuko mbele, wengine wametapakaa bustanini, mtoto mmoja mwenye nywele kama mswaki amekaa kitako juu ya mgomba ulioanguka. Unasikia mashina yanavyokatika, kwa sauti ya majimaji. Bi Grete ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Jamnah ameshainuka. Ameshika sufuria kwa mkono mmoja na mfuniko kwa mwingine. Anajua, na Madlan anajua, akigonga mara moja tu wale wote wataingia msituni na migomba iliyobaki itapona.

Madlan anamshika kanzu nyuma. “Mama Suhaili,” ananong'ona. “Nakuomba. Robo saa tu.”

“Wanakula ule wa kwenye kisima. Ule niliupanda mwaka Suhaili alipooa.”

“Nakuomba.”

Jamnah anasimama hivyo, mfuniko hewani. Halafu anakaa. Anauweka mfuniko juu ya sufuria taratibu sana, usilie. Anaanza kuhesabu kwa sauti ya chini kila shina linapoanguka. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Ilikuwa robo saa, ikawa nusu saa na zaidi. Alipofika thelathini na moja aliacha kuhesabu. Machozi yakamtoka, akayafuta na kile kilemba alichokikunja. Pembeni yake Bwana Henning naye analia, kwa furaha yake, orodha imemwangukia miguuni na hata mstari hajapiga.

“Watu wawili wanalia kwenye boti moja,” anasema Madlan, “na mimi katikati nimeshika usukani, sijui nimpe nani kitambaa.”

Kwenye daftari Bwana Henning aliandika kurasa mbili, upande wa pongezi, ambao Madlan hakujua kama upo. Boti ikabaki kwake. Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, na alipogeuka akamkuta Bi Verona amesimama na karatasi yake.

“Mzee Madlan, hongera sana. Sasa hii bustani ya ndizi tunaiweka kwenye ratiba. Kila asubuhi. Mwambie mama apande nyingine haraka.”

“Nilitaka kumjibu,” anasema Madlan. “Nikakumbuka jenereta. Nikasema nitamfikishia.”

Akamfikishia jioni ileile. Jamnah alikuwa amekaa kwenye ngazi, anachambua machipukizi yaliyosalia kwenye matope. Alipata ishirini na sita yanayoweza kupandwa. Akamsikiliza mume mpaka mwisho.

“Amesema nipande haraka?”

“Ndivyo alivyosema.”

“Mwambie aje yeye mwenyewe,” Jamnah akasema. “Avue viatu hapo chini, apande hizi ngazi, akae, aniombe. Kwa adabu. Aniambie ndizi za akina Bibi atazilipia vipi na zangu zitakaa wapi. Kama ni kuwapandia akina Bibi zao kule mtoni, na wanaume wa loji waje na majembe, wewe wa kwanza. Kama hataki, mimi ninajua kusema. Nitawaambia tena wapite daraja, na safari hii wali sipiki.”

Madlan anacheka anapolisimulia hili, halafu anaacha kucheka, kwa sababu anamjua mke wake. Mpango wake sasa ni Jumatatu. Loji haina wageni mpaka jioni. Amemwambia Bi Verona kwamba atampeleka mahali, hajamwambia wapi, amemwambia tu avae viatu vyepesi kuvua. Anachotumaini ni kustaafia kwenye hii boti, na Jamnah aanze kulipwa kwa mwezi, kama mtu yeyote wa loji anayelisha wageni.

“Nimechoka kupeleka maneno,” anasema, akifuta kiti cha mbele kwa kitambaa. “Akina Bibi walimsikia siku ya kwanza. Huyu meneja ana masikio madogo, lakini tutajaribu.”